Maswali ya wasomaji: Godoro la kempa lalowa chini, na paa halivuji

SWALI: Assalam aleikum ami. Mimi na mke wangu twakaa Bamburi, tulinunua trela ya kempa ya mtumba, ile ya kukunja, paa unalipandisha kwa hendeli alafu vitanda viwili unavivuta nje huku na huku, turubai linasimama juu yake. Twaenda nayo Diani, Shimba Hills, na likizo iliyopita tuliifikisha mpaka Naivasha. Shida ni kwamba asubuhi nikiinua godoro nakuta chini kumelowa, plaiwudi ina maji kabisa, na sasa imeanza madoa meusi na uvundo. Diani huwa ni kidogo lakini Naivasha ilizidi. Fundi mmoja alisema ni paa lavuja, akapaka silikoni kila pembe, pesa akachukua na maji bado yako pale pale. Jirani atwambia tutandike nailoni nzito chini ya godoro. Mke wangu yeye asema tuiuze yaishe. Tufanye nini?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza msiuze, na hiyo nailoni kama hujainunua usiinunue. Maji hayo hayatoki paani wala hayapandi kutoka chini, yatoka kwenu nyinyi wawili. Mtu akilala anatoa mvuke usiku kucha, kwa pumzi na kwa ngozi, hata kama hahisi jasho lolote, na watu wazima wawili mpaka alfajiri wanaweza kufikisha kama nusu lita ya maji kwa jumla. Mvuke mwingine wapanda kwenye turubai, mwingine unashuka kupitia godoro manake sponji ni vitundu vitupu, unashuka tu mpaka ukutane na plaiwudi. Na plaiwudi ya kempa si kama kitanda cha nyumbani, ile iko nje ya trela imening'inia hewani, upepo wapita chini yake usiku mzima, kwa hivyo ni baridi. Mvuke ukigusa kitu cha baridi unarudi kuwa maji, ndio yale yale ya chupa ya soda ukiitoa kwenye friji hapa kwetu inavyotoka jasho kabla hujapata opena ya kuifungulia.

Kama bado una wasiwasi na paa, jaribu hivi. Kesho asubuhi usikimbilie kupangusa, inua godoro utizame ule umajimaji una umbo gani. Ukiona umekaa pale mabega na makalio yalipolala, na pembeni ambapo hakuna mtu ni pakavu, basi ni nyinyi. Ukiona unaanzia kwenye zipu au pembe ya turubai au kwenye mshono na kuna njia ya maji yaliyoteremka, hapo ndio turudi kwa mambo ya kuvuja. Alafu siku moja ya mvua fungua kempa uani, usilale mtu, acha magodoro yakiwa yametandikwa hadi asubuhi. Pakiwa pakavu, wewe na fundi wa silikoni hamna biashara tena.

Sasa kwa nini Naivasha zaidi kuliko Diani? Hapa pwani hewa yenyewe imejaa maji lakini usiku hakupoi sana. Tuseme joto ni nyuzi 26 na unyevu wa hewa ni asilimia 80, siku ya kawaida tu hiyo Mombasa, kitu chochote kikipoa kufika kama nyuzi 22 kitaanza kulowa. Yaani ni tofauti ya nyuzi 4 peke yake, ndio maana hata Diani mnapata kidogo, hasa miezi ya kusi na ile Mei ya mvua nyingi. Naivasha nayo iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku joto laweza kushuka nyuzi 10 au chini ya hapo. Mmejifungia ndani, zipu zote juu kwa sababu nyinyi watu wa pwani baridi hamuiwezi (sio tusi, hata mimi), hewa ya ndani ina joto na maji ya watu wawili, na ubao chini yenu uko nyuzi 10. Lazima ulowe.

Nailoni ya jirani haitazuia kitu hapo. Mvuke utashuka kama kawaida, utafika kwenye nailoni ambayo ni baridi sawa na ule ubao, utageuka maji juu ya nailoni, na sasa hayo maji hayana hata ubao wa kuyanyonya kidogo, yatarudi kwenye sponji. Plaiwudi utaikuta safi na godoro limeoza. Na angalia kava ya godoro lako kwanza, manake magodoro mengi ya hizi kempa huja na kava ya plastiki upande wa chini, ni ile ile nailoni imeshashonewa humo. Ikiwa ndivyo, peleka kwa fundi cherehani akushonee kava ya pamba ya zipu, unaivua, unaifua, unaianika.

Dawa yenyewe ni kuacha nafasi ya hewa kati ya godoro na ubao, hewa ipite, ibebe ule mvuke kabla haujakaa. Wazee wetu walilala kitanda cha kamba za makumbi, hewa inapita juu na chini, na sidhani kuna aliyewahi kuinua godoro lake la sufi akakuta dimbwi. Ungekuwa na kitanda cha nyumbani ningekwambia weka chaga za mbao basi, tumalize. Kwa kempa kuna mambo mawili ya kufikiria kabla hujamuita seremala.

La kwanza ni kimo. Ukishakunja, lile paa lateremka juu ya magodoro, na nafasi iliyobaki huwa ni ndogo mno. Ukiongeza chaga za sentimita 3 huenda paa likakataa kufunga, alafu uanze kulikalia ndio lifunge, uvunje makufuli au upinde mikono ya kupandishia. Pima kwanza. Weka donge la unga uliokandwa juu ya godoro, funga paa pole pole, fungua, utizame limebonyea kiasi gani, unene uliobaki ndio nafasi yako. La pili ni uzito, vitanda hivyo vinashikiliwa na vyuma viwili vya kuegemea tu, na kila kimoja kina kiwango chake cha kilo kilichoandikwa na waliokitengeneza, humo wamo watu na godoro na hizo mbao zako. Usimwachie seremala akupigie mninga.

Kwa hivyo mimi ningekushauri uwache mbao, ununue yale mazulia ya plastiki ya mlangoni, yale ambayo yamesokotwa ovyo ovyo kama tambi, maji na mchanga vinapita katikati. Yauzwa kwa mita kwenye maduka mengi ya mapazia na mazulia mjini. Taka yale ambayo hayana mgongo, ukiligeuza uone mwanga upande wa pili, kwa sababu lenye mgongo wa mpira ni nailoni nyingine hiyo. Unene kama sentimita moja na nusu watosha, ni mepesi, hayaozi, unayaosha kwa mpira wa maji. Wenye mashua za tanga za kulala ndani hutumia kitu cha aina hii hii chini ya magodoro yao, na wao wamezungukwa na maji pande zote. Kuna atakayekwambia utumie mkeka wa makumbi, sawa, makumbi ni magumu kuoza na ni ya kwetu, lakini yakilowa yachukua muda kukauka na yatoa vumbi, kwenye kempa ningeyaacha. Mkeka wa ukindu usitie kabisa, huo utaota kuvu hata kabla ya godoro.

Zulia likate dogo kuliko godoro kidogo tu, na usilichomeke shuka mpaka chini ukaziba pembeni, hewa yahitaji mlango wa kuingilia. Watu wengi hukosea hapo hapo, waweka zulia zuri alafu wafunika kila upande na mablanketi. Wapo pia wanaotoboa plaiwudi. Yafanya kazi, lakini kila tundu ni njia ya mbu, vumbi la barabara na maji ya matairi, itabidi ubandike wavu chini na upake vanishi ndani ya kila tundu, la sivyo plaiwudi itaanza kufumuka kutokea hapo. Mimi nisingetoboa kabla ya kujaribu zulia.

Kwa safari za baridi ongeza kitu kimoja: ile foili ya silva yenye mapovu, wanayotia chini ya mabati kuzuia joto. Ifunge upande wa nje, chini ya kitanda, kwa mipira ya kufungia mizigo, isigusane sana na ubao. Plaiwudi ikikingwa na upepo haipoi vile, na isipopoa mvuke hauna pa kugeukia maji. Diani huna haja nayo.

Alafu hewa ya ndani. Fungua zipu ya dirisha upande mmoja na nyingine upande wa pili, kiasi cha kiganja, juu juu karibu na paa, wavu wa mbu ubaki umefungwa. Najua ni baridi, vaa sweta, ongeza blanketi, lakini usizibe. Taulo na nguo za kuogelea zilale nje. Na msipike ndani! Gesi ikiungua yazalisha maji, kilo moja ya gesi yatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, ule mtungi wa kilo 6 mpaka uishe umetoa maji kushinda lita 9, ukiongeza na mvuke wa sufuria ya chai, yote hayo mwayapumulia godoro. Hita ya gesi ni vile vile. Jiko la makaa ndani ya turubai silizungumzii kwa sababu ya maji, hilo laua kwa moshi usioonekana wala kunuka, lisiingie hata likiwa limebaki majivu ya moto.

Asubuhi mkiamka simamisheni magodoro kwa ubavu, madirisha yote wazi, mnywe chai nje, mpaka ubao ukauke. Mkilazimika kukunja mkiwa bado na unyevu, mkifika Bamburi ifungueni siku ile ile, sio wikendi ijayo.

Kuhusu madoa meusi, toa kila kitu nje kwenye jua, vaa barakoa, paka siki nyeupe kwenye ubao uiache kama saa moja, sugua kwa brashi, pangusa, anika. Siki na jiki visikutane kamwe hata kidogo, vikichanganyika vyatoa gesi ya klorini yenye sumu. Ubao ukishakauka kabisa bonyeza kwa bisibisi, ukiingia laini plaiwudi imeshakufa, nunua ya marini, ile ya kuundia mashua, na upake vanishi mpaka kwenye kingo, kingo ndio zinazonyonya maji. Godoro ambalo kuvu imeingia ndani ya sponji tupa, halioshwi hilo.

SWALI: Ami, kuna vile vikopo vya kunyonya unyevu madukani, na shangazi yangu atumia bakuli la chumvi. Vitasaidia kwenye hema la juu ya gari?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Usiku mkiwa mmelala na madirisha wazi, la. Utakuwa wajaribu kukausha Bahari ya Hindi. Chumvi ya mezani yaanza kuvuta maji hewa ikipita kama asilimia 75 ya unyevu, ndio maana kichupa cha chumvi hapa kwetu lazima kitiwe punje za mchele, kwa hivyo bakuli la shangazi litajaa maji na chumba kitabaki vile vile. Vikopo vina kazi hema likiwa limefungwa kabisa na limewekwa stoo, hapo sawa, na umwage maji yake mapema manake yakimwagika kwenye turubai hayakauki.

SWALI: Sisi hatuna kempa, twalala nyumbani Mikindani. Godoro la mtoto liko chini kwenye saruji na limeota kuvu. Ni yale yale?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Ni yale yale dada yangu, ila wewe saruji yaweza pia kupandisha maji kutoka ardhini. Bandika kipande cha nailoni kwenye sakafu kwa selotepu pande zote, kiache siku moja na usiku wake. Kikilowa upande wa chini, maji yatoka kwenye sakafu. Kwa vyovyote linyanyue godoro, hata paleti za mbao kutoka kwa wauza mitumba ya mizigo zatosha, zipigwe msasa na misumari iangaliwe, na lisisukumwe mpaka likagusa ukuta. Mtoto akiwa na pumu usingoje mwisho wa mwezi.