Babu alizama na meli, hitma tumsomee wapi?

SWALI: Asalam aleikum mhariri. Babu yake mamangu alitoka hapa Lamu akaingia jeshi la Mwingereza, akapandishwa meli Mombasa Februari 1944 kwenda vita vya Mjapani, basi hakurudi, tuliambiwa tu meli ilizama. Bibi kafa bado anauliza kaburi liko wapi. Tumkumbuke vipi?
– Mjukuu, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwa tarehe hizo naona ni meli ya Khedive Ismail, ilikuwa yaenda Colombo, nyambizi ya Wajapani ikaipiga tarehe 12 Februari karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache tu, watu 1,297 wakafa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Kwa hivyo kaburi ni bahari, msilitafute. Lakini baadhi ya majina yao yamechongwa Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye mnara wa Afrika Mashariki. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina rekodi kwenye intaneti, kutafuta ni bure, ila jaribuni jina kwa spelin zote maana makarani wa Kizungu waliandika walivyosikia (Athman waweza kumkuta Osman!) na kama mna medali au karatasi yenye namba ya jeshi hiyo ndio itawatoa.

Hitma haingoji kaburi. Msomeeni hapohapo nyumbani, Februari ikifika, na watoto wawepo waambiwe jina lake.