Maswali na Majibu: Mashua America ya Mwaka 1851

Fundi wa mashua, Dunga, Kisumu: America ilikuwa na nini hata ikawashinda Waingereza nyumbani kwao?

Ilikuwa na umbo. Mashua nyingi za mashindano za Uingereza wakati huo zilifuata umbo la samaki, pana mbele na nyembamba nyuma, zikawa zinayasukuma maji badala ya kuyakata. George Steers, aliyeichora America mjini New York, aliifanya omo yake, yaani sehemu ya mbele, kuwa nyembamba na kali, akausogeza upana hadi katikati, kisha akaiwekea milingoti miwili iliyolalia nyuma. Matanga yake yalikuwa ya pamba, yaliyokatwa na kukazwa yasifanye tumbo, ilhali wapinzani wake walitumia ya kitani yaliyojaa upepo kama mfuko. Tarehe 22 Agosti 1851 ilikizunguka kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, na kufika ya kwanza, mashua Aurora ikiwa ya pili. Haki inanilazimu kuongeza kwamba ilipita upande wa ndani wa meli ya taa ya Nab, yaani meli iliyotia nanga kuongoza vyombo kwa taa, ambapo wengine walizunguka upande wake wa nje. Lakini maelekezo ya mashindano yalikuwa yakigongana, na malalamiko yakaachwa.

Msomaji, Homa Bay: Ilijengwa kwa mbao gani, na iko wapi leo?

Ilitumia mbao za aina kadhaa, mwaloni ukiwa mmojawapo. Leo haipo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilitumiwa na majimbo ya Kusini, ikazamishwa kwa makusudi huko Florida mwaka 1862, nao wanamaji wa Kaskazini wakaiopoa na kuitumia. Mwaka 1921 ilikabidhiwa chuo cha wanamaji cha Annapolis, na hapo ndipo ninapohuzunika, kwa sababu chombo kilichostahimili vita na kuzama kiliachwa kioze kwa kukosa matengenezo, hadi Machi 1942 banda lililokihifadhi lilipoangukiwa na theluji na kukiponda. Mabaki yalibomolewa mwaka 1945. Ninyi mnaoziba nyufa za mashua kila msimu mnajua kwamba ubao usiotunzwa hauhitaji dhoruba ili uharibike.

Mwanafunzi, Nakuru: Je, Kombe la America limepewa jina la nchi?

Hapana, ni jina la mashua hii. Wamiliki walilitoa kombe hilo, ambalo mashua yao ililishinda mwaka 1851, kwa klabu ya mashua ya New York mwaka 1857 liwe la kushindaniwa na mataifa, na klabu hiyo ikalishikilia mpaka 1983, mashua ya Australia iitwayo Australia II ilipolichukua.