Maswali yenu: huzuni inayokuja juu ya maradhi mengine

Nachukua manne tu. Wale wa "nitajie dawa tu dokta" nimewaruka, msinune.

"Kaka yangu alilazwa hospitali ya akili Kidongo Chekundu, akapata nafuu, anachoma sindano kila mwezi. Saivi kanyamaza, uso mkavu, anashinda kitandani. Nimpe fluoksetini za dada, zile dawa za sonona?"

Usimpe! Mtu wa sindano akinyamaza kuna mambo matatu yanayofanana kwa nje: yawezekana sonona kweli (huzuni iliyogeuka maradhi), yawezekana sindano imemkaza (mtazame akitembea, mikono inachezacheza au imeganda? mate yanamtoka?), au maradhi yenyewe ya akili yameshamla hamu. Sasa mkalishe umuulize, mwenye sonona mara nyingi atakwambia moyo unamuuma, anajilaumu, bora afe, yule aliyeliwa hamu atakwambia "sina kitu" na kweli hana. Kama ni sindano dokta ataitazama dozi, na hizo fluoksetini zinaweza kuzipandisha baadhi ya dawa za sindano kwenye damu akazidi kukakamaa. Na jengine hukuniuliza, aliwahi kupitiwa na siku halali, anasema mno, anagawa pesa? Mwambie dokta, maana hiyo huenda ni baipola, maradhi ya akili kupanda mno na kushuka mno, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu, mkaja kumtafuta sokoni Darajani saa nane za usiku. Nyie historia mnaificha kwa aibu halafu mnataka dawa ifanye kazi.

"Nimekula vidonge vya sonona siku 4 sioni kitu, niache?"

Usiache, vinataka wiki 2 mpaka 4. Nishaandika mpaka mkono umechoka.

"Shangazi anasema mama ana shetani, anywe kombe (maji ya aya za Kurani). Aache dawa za sonona?"

Kombe anywe, na kusomewa asomewe, hata mie nasomewa. Kidonge anywe vilevile, na akipona asikiache mwenyewe, bado kuna miezi 6 au zaidi mbele. Mganga wa "acha dawa kwanza" mkimbieni.

"Mdogo wangu kaacha unga (heroini), yupo soba hausi, nyumba ya kuachia unga, wiki ya pili, analia tu. Sonona hiyo?"

Mapema kusema. Wiki za mwanzo kulia na kukosa usingizi ni kawaida, wengi huinuka wenyewe, ikipita wiki 3 au 4 bado yuko vilevile apimwe upya. Lakini kusubiri si kumwacha peke yake, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumtii wazo hilo. Akisema ndio mpelekeni hospitali leo leo, na nyumbani vidonge fungieni kabatini, amitriptilini zaidi, nayo ni dawa ya sonona, maana ikizidi inausimamisha moyo. Na akirudi kwenye unga kwa kipimo chake cha zamani anaweza kufa papo hapo, mwili ushaacha kuuzowea, mwambieni hilo kabla hajatoka.