Shavu la korongo: ninavyolainisha sanamu za karatasi

Mteja wangu wa kwanza wa maana hapa Kampala alikuwa mama mmoja wa Goma, jirani yangu pale Nsambya, muuza vitenge. Alitaka kichwa cha karatasi cha korongo, yule ndege mwenye taji aliye kwenye bendera ya Uganda, akitundike juu ya meza yake ya biashara. Nilikihangaikia wiki mbili. Alipokuja kukichukua hata hakutazama taji, ambalo ndilo lililonitoa jasho. Alipitisha kidole shavuni, akasita, akakirudisha tena, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chao cha kule: "Dada, huyu ndege iko na surua?"

Alinilipa nusu. Sikubisha. Shavu la korongo ni jeupe, na weupe hausitiri kitu. Ukitengeneza kifaru au tembo, kijivu chake kitakusamehe mikunjo na vinundu, maana hata wa porini ana mikunjo. Kwenye jeupe kila ukingo wa gazeti unaonekana, kila donge la gundi.

Nilifanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nilibandika vipande vya gazeti ovyo nikijipa moyo kwamba mwisho nitapiga msasa. Msasa unaondoa kilichozidi, lakini bonde haulijazi, na ukiuzidisha unatoboa karatasi hadi manyoya yake yanasimama. Ulaini unaanza siku ya kwanza, mkononi, unapochana gazeti.

Nimesema kuchana. Mkasi uweke mbali. Ukingo uliokatwa kwa mkasi unasimama kama ngazi, na ngazi hiyo utaiona hata chini ya rangi tatu. Ukingo uliochanwa unakonda kuelekea mwisho, nyuzi zake zinalalia kipande cha jirani na mpaka unapotea. Halafu gazeti lina upande wake. Lichane kutoka juu kwenda chini, linatoa mkanda ulionyooka. Lichane kwa upana, linakwenda linakotaka lenyewe. Jaribu mara mbili na gazeti la jana la Bukedde utaona.

Ukubwa wa kipande utategemea mahali. Kisogoni natumia vipande vya upana wa kiganja. Shavuni, ukubwa wa stempu. Kuzunguka jicho, ukucha wa kidole kidogo. Karatasi inakubali kupinda upande mmoja; ukiilazimisha kupinda pande mbili kwa pamoja, kama kwenye duara, inajikunja marinda. Vipande vidogo ndiyo dawa, na vinachosha, sitakudanganya.

Tumia karatasi inayokunywa maji. Baada ya uchaguzi wa 2021 nilikusanya mabango ya wagombea yaliyoanguka, nikajiona nimeokota mali. Karatasi ile inang'aa na gundi haiingii ndani. Nilibandika leo, kesho mheshimiwa kabanduka na tabasamu lake. Sasa nachukua magazeti, na mara mojamoja naenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kuomba mabaki yanayokatwa kwenye mashine. Zile nyeupe zisizong'aa ni nzuri sana kupishanisha na gazeti: tabaka moja gazeti, tabaka moja nyeupe, hapo huwezi kusahau ulipofika wala kuacha sehemu wazi.

Gundi yangu ni uji wa ngano. Kikombe kimoja cha unga nakikoroga kwanza kwa maji baridi hadi madonge yaishe, kisha namimina kwenye maji yanayochemka, yote yawe kama vikombe vinne, nakoroga hadi upate rangi ya maziwa yaliyochujuka. Ukipoa naupitisha kwenye chujio la chai. Hapo kwenye chujio ndipo surua ya korongo wangu ingeishia, kama ningekuwa na akili hiyo. Unatakiwa uwe uji wa mgonjwa, wa kunywa bila kijiko. Ukiwa mzito unakaa katikati ya matabaka na kuvimba. Kipande kikishalala, kisukume kwa dole gumba kutoka katikati kwenda pembeni mpaka uji uliozidi utoke na hewa itoke nao. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo natia na matone ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Chumvi kijiko kimoja nayo husaidia.

Na ukungu Kampala si hadithi. Kati ya Machi na Mei mvua inanyesha hadi shuka za kitanda zina unyevu. Aprili moja, oda ikiwa inadaiwa, niliweka vichwa viwili karibu na sigiri vikauke haraka. Jioni vilikuwa vikavu kabisa kwa nje, nikavipaka rangi. Siku ya tatu shavu moja likazama kama la mzee aliyeng'oka magego. Ndani kulikuwa bado kumelowa, ngozi ya juu imekauka na kuufungia unyevu. Siku hizi sizidishi matabaka mawili kwa mara moja, na navikausha kwenye upepo, kivulini, nikivigeuza. Kupima, ninakiweka kichwa shavuni pangu: kikiwa na ubaridi, bado kina maji.

Tabaka la mwisho ni tishu za chooni, ile ya bei rahisi yenye kuchanika upesi. Naiweka kavu juu ya sehemu iliyopakwa uji, kisha naigongagonga kwa brashi yenye maji, bila kuburuta. Ukiburuta itajiviringa kama uchafu wa kwenye kifutio.

Baada ya hapo ndipo inakuja ngozi yenyewe. Nilifundisha shule ya msingi miaka kadhaa, na mazoea ya kuokota vipande vya chaki hayajaniisha. Navitwanga, nachekecha unga kwa soksi nyembamba ya kike, nachanganya na gundi nyeupe ya maseremala na maji hadi iwe nzito kama mtindi. Asiye na chaki atumie ile pauda nyeupe ambayo mafundi rangi husawazishia kuta. Napaka nyembamba, nasubiri ikauke, napaka tena kwa kukatisha mwelekeo wa kwanza. Mara nne au tano. Gundi isizidi chaki: ikizidi, uso unakuwa kama mpira, na msasa unajaa utelezi badala ya kukata. Usawa huo niliupata kwa kukosea, na bado kila chungu kipya nakijaribu kwanza kwenye kipande cha boksi.

Sasa msasa. Neno lenyewe limetoka kwenye mti, msasa, ambao majani yake yanakwaruza na wazee waliyatumia kung'arishia mbao. Mimi natumia wa dukani, naanza na namba 180, nahamia 240, namaliza na 400. Funga pua. Vumbi la chaki na gundi si la kuvuta, na barakoa za wakati wa Korona bado ziko kwenye droo za watu. Ukimaliza zima taa, washa tochi ya simu, uilaze ubavuni mwa shavu karibu kugusa. Mwanga wa kutoka mbele unabembeleza. Huu wa pembeni unaweka kivuli nyuma ya kila kinundu. Alama kwa penseli, rekebisha, rudia. Hatua hii naipenda kuliko zote, na mume wangu anaona nimerukwa na akili, nimekaa gizani namulika ndege.

Mambo madogo, kope, tundu za pua, mstari wa mdomo, hayachongwi kwenye gazeti. Yanaongezwa juu. Kwa hayo natengeneza rojo la karatasi, na malighafi nzuri kuliko zote naipata bure kwa kijana wa rolex, yaani chapati iliyoviringiwa mayai, hapo kona. Anavunja mayai kutwa nzima kwa ajili ya chapati zake, na trei tupu zimerundikana nyuma yake. Trei ya mayai tayari ni karatasi iliyosagwa. Naichanachana, nailoweka usiku kucha, natwanga kwenye kinu, halafu nakamua kwa kitambaa kama ninavyokamua tui. Yanayobaki yawe kama machicha: yamekauka kiasi lakini ukifinya yanashikana. Kinachosinyaza rojo na kulipasua ni maji, hivyo kamua kwa nguvu. Naongeza unga wa chaki, gundi ya maseremala na uji kidogo, nakanda mpaka likubali kuviringwa jembamba kama tambi bila kukatika. Likikatika, nyuzi bado ni ndefu, rudi kinuni.

Kope naitengeneza hivi. Naviringa kipande cha rojo chembamba kama njiti ya kiberiti kwenye kigae kilicholowa. Napaka gundi juu ya jicho, nakilaza, nakibana ncha zote mbili. Upande wa juu naufuta kwa kidole chenye maji mpaka uungane na paji. Upande wa chini, unaotazama jicho, nauacha mkali. Ukali ule mmoja ndio unaompa ndege macho. Ukilainisha pande zote mbili unabaki na mnyoo juu ya gololi. Kisha nasubiri saa moja hivi, rojo likishaanza kushika lakini halijakauka, ndipo nachora mikunjo kwa sindano butu au kijiti cha mshikaki. Ukichora mapema linararuka na kuacha ukingo wenye manyoya. Mgongo wa kijiko cha chai, uliopakwa maji, unamalizia.

Manyoya ya shingo ni karatasi nyembamba zilizokatwa, hapo mkasi unaruhusiwa. Taji ni katani iliyochovywa kwenye gundi na kukaushwa ikiwa imesimama kichwa chini.

Kwenye rangi sina mengi: nyembamba, mara nyingi. Vanishi ya kung'aa usiimwage kichwa kizima, maana mng'ao unafukua makosa yote uliyoyazika. Mimi nang'arisha jicho peke yake, kwa tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi.

Yule mama wa Goma alichukua korongo wa pili, akalipa yote, akanirudishia wa kwanza. Ninaye jikoni. Shavu lake la surua ndilo ninalojaribia rangi kabla ya kuzigusisha kazi ya mteja, na sasa lina madoa mengi hata vinundu havionekani vizuri.