Darasa la awali kisiwani: kulifunga paa lisiondoke na upepo

Mkuu, umeuliza kama kamati yenu huko Mafia ijenge darasa la awali la mita 8 kwa 7 kwa ramani ileile ya siku zote (tofali za inchi 6, linta, yaani boriti za zege, juu ya milango na madirisha tu, paa la pande mbili, bati geji 30), kwa kuwa fundi anasema vimbunga si vya kwetu. Msimsikilize kwa hilo. Unguja ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, Ngazidja ya Komoro ikaguswa na kimbunga Kenneth Aprili 2019, na nyinyi wenyewe mkafikiwa na kimbunga Hidaya Mei 2024. Angalia miezi: ni Aprili na Mei, masika ikiwa imeshika. Mimineni zege wakati wa kaskazi na paa liwe limefungwa lote kufikia mwisho wa Februari. Paa lililoezekwa nusu ndilo rahisi kuliko yote kung'oka.

Watu wengi hudhani upepo huliangusha paa. La, hulinyanyua. Upepo wa kilomita 180 kwa saa una nguvu ya kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na pembeni mwa paa mvuto wa kwenda juu huzidi hapo. Bati lenyewe halifiki kilo 5 kwa mita hiyohiyo. Uzito wa paa basi haukuokoi. Kinachookoa ni kufungana: bati na papi (mbao za mlazo zinazobeba bati), papi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi na mkanda wa zege wa juu ya ukuta, mkanda na nguzo, nguzo na msingi. Pakikosekana fundo moja, mengine yote ni kazi bure.

Fundo linaloachia mara nyingi ni la papi na kenchi, na hapo ndipo ningewaomba mbane pesa kwingine ili mtumie hapa. Fundi hupiga msumari mmoja wa inchi 4 kutoka juu. Upepo ukivuta, unauvuta kwa kufuata urefu wake, nao unachomoka. Msumari uliopigwa ubavuni hushika zaidi, kwa sababu ili uachie lazima upinde au upasue mbao. Kwa hiyo chukueni ukanda wa chuma cha zinki wenye upana wa mm 30, upite juu ya papi, ushuke pande zote mbili za kenchi, upigwe misumari minne kila upande. Fanyeni hivyo kila papi inapokutana na kenchi, bila kuruka hata moja. Waya wa kufungia nondo usitumike badala yake. Chumvi ya baharini huula.

Kenchi zenyewe zisiachane zaidi ya mita 1.2. Kila moja ishikwe na ukanda mpana zaidi uliopitishwa chini ya nondo za mkanda kabla ya kumwaga zege. Ukishamwaga umechelewa, na hilo hukosewa sana kwa sababu anayemwaga zege si yule anayeezeka.

Paa liwe la pande nne, si mbili. Upepo hukosa ukuta mrefu wa pembetatu wa kuusukuma. Litawapotezea bati kwenye kukata, na fundi atalalamika, vumilieni. Papi ziwe za inchi 2x3, zikiachana sm 90 katikati ya paa na sm 45 hadi 60 karibu na kingo na kofia (kilele cha paa). Bati liwe geji 28, ambalo ni nene kuliko geji 30, kwa skrubu zenye washa pana ya mpira: katikati kila mgongo wa pili, kwenye kingo kila mgongo, na kamwe si bondeni. Bati lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya sm 45. Varanda ipewe paa lake peke yake, ili ikiondoka isiondoke na darasa.

Mkanda uzunguke kuta zote bila kukatika: sm 15 kwa 20, nondo 4 za mm 12, ringi (nondo nyembamba za kuzifunga hizo nne pamoja) za mm 8 kila sm 20. Kwa darasa lenu ni nondo 12 hivi za mita 12, ringi 150 na mifuko 7 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwenye pembe, nondo zikunjwe na zipishane sm 60. Zikiishia pembeni tu, pembe hufunguka. Nguzo ziwepo kila pembe, kando ya milango, na kila mita 3 za ukuta, nondo zake zikianzia kwenye msingi.

Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi vitaozesha nondo ndani ya zege lenyewe. Tumieni mchanga wa bara na maji yasiyo na chumvi, wekeni biskuti za zege (vipande vidogo vya kuinua nondo) ili nondo zikae sm 4 ndani, mmwagilie siku 7.

Mbao za mnazi zinafaa, ila ziwe za sehemu ya nje ya mti mkongwe. Moyo wake ni laini, haushiki msumari. Ile ngumu itobolewe kwanza, isipasuke.

Mlango ufunguke kwa nje, uwe na komeo juu na chini. Madirisha ya watoto huwa chini, kwa hiyo yapate vifuniko vya mbao: dirisha likivunjika upande wa upepo, hewa huingia na kulisukuma paa kutoka ndani, huku nje linavutwa. Jengo likae mbali na minazi kwa urefu wa mnazi mzima, nyuma ya mikoko kama ipo, sakafu ikiinuliwa sm 60.

Pesa zikipungua, acheni dari, lipu ya nje na rangi. Choo nacho kifungwe kwa kanda zilezile za chuma, maana bati lake likiruka hupiga madirisha ya darasa, na tangi la maji lijazwe mapema tahadhari ikitangazwa, kwani likiwa tupu hubebwa.