Fizi kwanza, implanti baadaye: kwa mnaoanza staji ya meno Goma

Wengi mnaoingia staji kwenye kabine za meno hapa Goma mna hamu ya kushika motoru ya implanti, ile skrubu inayopandwa kwenye mfupa mahali pa mzizi wa jino. Anzeni na sondi ya fizi, ile yenye alama za milimita. Mgonjwa akipandwa implanti huku fizi zake zinaoza, vijidudu vilevile vilivyolegeza meno yake vitahamia kwenye skrubu, na huko vitakwenda kasi zaidi.

Sababu ni hii. Jino la asili lina nyuzi zinazotoka kwenye fizi na kuzama ndani ya mzizi, zikifunga njia. Implanti ni skrubu ya titani. Mfupa huishika vizuri sana, jambo lililogunduliwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark miaka ya 1950, na mgonjwa wa kwanza alipandwa mwaka 1965. Lakini nyuzi za fizi haziingii kwenye chuma, zinapita kandokando tu. Uchafu ukishuka hapo, mfupa hauna ngao.

Kupima fizi: kila jino lina sehemu sita, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi au kaakaa. Telezesha sondi ikiwa sambamba na mzizi, uitembeze polepole bila kuitoa. Nguvu inayotakiwa ni kama gramu 25. Weka mizani ndogo ya jikoni mezani, bonyeza ncha ya sondi juu yake mpaka isome 25, rudia mpaka mkono uzoee. Milimita 1 hadi 3 bila damu, fizi ni nzima. Kuanzia 4, na damu inatoka, andika na umwite daktari. Kuna mitego miwili. Ugaga, yaani uchafu uliogandamana kwenye jino ukawa mgumu, ukiwa chini ya fizi husimamisha sondi njiani, ukasoma 3 mahali penye 6, kwa hiyo pima tena baada ya detartraji, yaani kuubandua ugaga huo. Na mvuta sigara hutoka damu kidogo hata fizi zikiwa zimeharibika, usidanganyike na ukavu huo. Ulizeni pia kuhusu kisukari kabla ya kuahidi lolote: sukari isiyotulizwa huchelewesha kupona na huzidisha ugonjwa wa fizi.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Maji ya sehemu nyingi za upande wa volkeno, kaskazini mwa Ziwa Kivu, yana madini ya floridi kwa wingi, na mtakutana na meno yenye madoa ya kahawia tangu utotoni. Doa hilo liko ndani ya jino lenyewe. Ugaga una ukingo, unakwaruza chini ya sondi na hubanduka. Msimkwangue Mama wa watu meno mpaka aumie kwa kutafuta kisichobanduka.

Fizi zilizovimba tu hurudi salama zikisafishwa vizuri kwa wiki chache. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo husafishwa juu na chini ya fizi, halafu anapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Mifuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, ikiwa bado inatoka damu, kazi ya implanti isubiri, hata kama Muzee ameshaleta dola zake.

Mgonjwa akiona damu kwenye mswaki huacha kusugua mahali pale, akidhani anajiumiza, kumbe utando wa vijidudu unazidi kujijenga. Mwelezeni hilo kwanza. Mswaki uwe laini, nywele zilale kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea fizi, mtikisiko mfupi, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Mti wa kusugulia haukatazwi, ncha ikitafunwa hadi ilainike inasaidia, ila haifiki katikati ya meno, na kijiti cha kuchokolea nyama nacho hakiondoi utando. Katikati panataka brashi ndogo inayoingia kwa kubana kidogo tu. Ikilegea haisafishi, ikilazimishwa inakata fizi. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini, ya asilimia 0.12 au 0.2, ni ya wiki mbili basi, mara mbili kwa siku, nusu saa baada ya dawa ya mswaki. Ikizidi hapo meno hupata rangi ya chai.

Sasa siku ya kupanda. Kazi yenu kubwa ni maji. Mfupa ukifika joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa, na frezi, ile ncha ya kutobolea mfupa, ikichakaa huufikisha huko haraka. Frezi huzunguka kati ya mara 800 na 1200 kwa dakika, seramu (maji ya chumvi safi) ikimwagika kwenye ncha, frezi ikipanda na kushuka. Seramu ikikatika, sema kwa sauti daktari atoe mkono. Mfupa uliochomwa hauonekani siku hiyo. Implanti inakuja kucheza wiki kadhaa baadaye. Vipimo vya kukariri: milimita 1.5 kutoka jino la jirani, 3 kati ya implanti mbili, 2 juu ya mfereji wa neva wa taya la chini. Radio ya panoramiki, ile picha ya eksirei ya taya zote mbili, hukuza vitu, hivyo wekeni kigololi cha chuma cha milimita 5 mdomoni wakati wa kupiga, mjue imekuza kiasi gani.

Otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vyombo kwa mvuke, ikiwa ya mtindo wa sufuria yenye mshale wa presha inahitaji macho. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kufika nyuzi 121 mshale lazima usome karibu bar 1.2, si 1.05 ya pwani. Kama kuna kipimajoto, fuateni hicho, dakika zihesabiwe baada ya joto kufika. Umeme ukikatika katikati, mzunguko unaanza upya kutoka sifuri.

Implanti ikishapandwa, ni kusubiri miezi mitatu kwa taya la chini, hadi sita kwa la juu. Kurone, jino la bandia linalokaa juu ya implanti, ikiwa ya kubandika ina hatari yake: saruji iliyobaki chini ya fizi huleta usaha. Ya kufungwa kwa skrubu ni afadhali, ikikazwa kwa ufunguo wa kupimia nguvu kwa kiwango cha kiwanda, kisha ikikazwa tena baada ya dakika 10. Siku hiyohiyo pigeni radio ya kulinganishia miaka ijayo.

Kibandiko chenye aina ya implanti, kipenyo, urefu na namba ya toleo kibandikwe kwenye faili, na cha pili kwenye kadi ya mgonjwa. Watu wetu wanahama, leo Goma, mwakani Kigali au Kampala, na skrubu ikilegea huko, daktari asiye na namba hiyo hatajua atumie bisibisi gani.