Nianze na Moto au na Tumaini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama ninayeuza viazi na kabichi katika soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mwenzangu wa meza ya jirani hasali popote tangu alipofiwa na mumewe. Nimekuwa nikimweleza habari za hukumu na jehanamu, kama tunavyosikia kwa wahubiri wa vipaza sauti pale Kabwe, lakini siku hizi akiniona nimeshika Biblia hujifanya anapanga nyanya. Je, nikimweleza habari za tumaini, sitakuwa nimelipunguzia Neno la Mungu makali?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Amina, mama. Sidhani kwamba mwenzako ameikataa Injili. Amechoka kutishwa, na mjane hakosi vya kumtisha: mahitaji ya watoto shuleni, ushuru wa meza, na pengine mashemeji wanaoulizia shamba la marehemu.

Soma Matendo ya Mitume, sura ya 14. Paulo na Barnaba walipokuwa Listra, mbele ya watu wasioyajua Maandiko, waliwaeleza habari za Mungu anayewapa mvua kutoka mbinguni na nyakati za mavuno, akiwashibisha chakula na kuwajaza furaha. Mtu anayeamka alfajiri kupokea viazi vya Umalila na Uporoto anaielewa hotuba hiyo pengine kuliko sisi tuliosomea theolojia. Tena angalia kwamba wito wa kuacha mambo ya ubatili na kumgeukia Mungu aliye hai umo humo humo, kwa hiyo makali unayoyahofia hayakupotea. Yalikuja pamoja na habari njema.

Kwa huyu aliyefiwa, tumaini lenyewe ni ufufuo. Mweleze Yohana 11, jinsi Yesu alivyomlilia Lazaro kabla ya kumfufua, ingawa alijua atakalolifanya. Akikuuliza kwa nini Mungu alimchukua mumewe, mwambie kwamba hujui, wala usithubutu kumpangia marehemu mahali alipo. Usimwahidi mtaji wala mume mwingine pia. Mahubiri ya namna hiyo, kusema kweli, hunikera kuliko yale ya moto, kwa sababu biashara ikidorora mtu humwona Mungu ni mwongo.

Petro, akiwaandikia waumini waliokuwa katika mateso, aliwaagiza wawe tayari kumjibu kila anayewauliza juu ya tumaini lao, tena kwa upole (1 Petro 3:15). Anayejibu ameulizwa kwanza, na mwenzako hatakuuliza lolote ikiwa kila mazungumzo yenu yanageuka mahubiri. Mwangalizie meza anapokwenda kliniki na mtoto, umuuzie kwa bei ile ile ambayo angeuza mwenyewe, kisha umkabidhi fedha zake zote. Siku akitaka muombe pamoja, ombeni palepale, kwa maneno machache, maana wateja nao wanasubiri.